Wiki ya Namba Tano Chekechea

Mzazi wa Giakanja, usishangae mtoto wako wa PP1 akirudi nyumbani na daftari tupu. Kabla ya kuandika 5, ni lazima aielewe tano.

Jumatatu: kuhesabu vifuniko vya soda hadi vitano.
Jumanne: kugawa maharagwe matano, matatu huku, mawili kule.
Jumatano: kuruka mara tano uwanjani.
Alhamisi: kuokota majani matano na kuyapanga kwa ukubwa.
Ijumaa: kufinyanga 5 kwa udongo.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, lakini somo huendelea jikoni. Jioni, mtume mtoto akuletee viazi vitano. Akileta vinne, usimgombeze. Hesabuni pamoja, kisha aongeze kimoja.