Usiwachome Moto: Nyuki na Nyigu Nyumbani, Shuleni na Shambani

Malalamiko yamezidi. Sisi tunaohamisha nyuki tunapigiwa simu paa limeshashika moto, au mtoto ameshakimbizwa zahanati uso umevimba hadi macho hayaonekani. Tukiuliza ilikuwaje, jibu ni lilelile: tuliona nyuki, tukawasha moto. Kwa hiyo tunaanza na onyo ambalo tutalirudia: usiwachome nyuki moto. Usiwamwagie mafuta ya taa wala petroli. Usiwarushie mawe.

Wajue kwanza

Nyuki wa asali ana rangi ya kahawia, mistari iliyofifia tumboni na manyoya mafupi mwilini. Mtazame akiwa juu ya ua: mara nyingi utaona donge la chavua ya njano kwenye miguu ya nyuma. Masega yake ni ya nta, nayo huyajenga gizani, ndani ya mti, darini au kwenye boksi la mita.

Nyigu ana mwili laini unaong'aa na kiuno chembamba kama uzi, na akiruka miguu yake mirefu huning'inia. Kiota chake unaweza kukiona chini ya upenu au nyuma ya dirisha: kijivu, kikavu kama karatasi, vyumba vikiwa wazi na kutazama chini. Hana asali ya kukupa, lakini huwinda viwavi wanaokula mboga zako. Kama kiota kiko mbali na njia ya watu, kiache. Yule nyigu wa peke yake anayebandika udongo ukutani huwinda buibui na ni nadra kuuma.

Nyuki wadogo weusi wanaotoka ukutani kwenye kijibomba cha nta hawana mwiba wa kuuma. Wapo watu wanaowamwagia maji ya moto, na hilo linatusikitisha sana. Yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za kenchi naye ni mpole asiposhikwa, na ndiye anayechavusha pasheni, ua ambalo nyuki wa asali ni mdogo mno kulimudu.

Bumba likitua kwenye mwembe

Nyuki wanaohama hujishika pamoja tawini, wakaning'inia kama mkungu wa ndizi. Hawana masega wala watoto wa kulinda, na kwa kawaida huwa wapole kuliko walio kwenye makazi yao. Wengi huondoka baada ya saa chache au siku chache. Ondoa watoto, funga madirisha, zima redio kubwa na mashine ya kukatia nyasi, kisha subiri.

Tunajua hoja inayokuja: mbona wafugaji nyuki hutumia moshi? Mfugaji hutumia bomba la moshi, moshi wa baridi na kidogo, unaofunika harufu ambayo nyuki hutumia kuitana vitani na kuwafanya wakimbilie kunywa asali. Tairi linalowaka halifanyi hivyo. Linaua walio karibu, linawakasirisha waliobaki, na hao waliobaki ni maelfu. Nyasi za paa nazo hushika moto haraka. Tunasema tena: usiwachome moto.

Wakishaanza kushambulia

Kimbia. Kimbia moja kwa moja, funika uso kwa shati au khanga, uingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango, hata kama wachache wameingia nawe. Usipunge mikono. Usijitose mtoni wala bwawani, kwani watakusubiri juu ya maji. Ukiweza kumfikia mbuzi, punda au mbwa aliyefungwa bila kujihatarisha, mfungue au ikate kamba, maana mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Nyuki akiuma, mwiba hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu. Ukitazama kwa karibu utakiona kifuko kikiendelea kucheza, kinasukuma sumu ndani ingawa nyuki mwenyewe ameshaondoka. Mwiba huohuo hutoa harufu inayowaita wenzake mahali palepale. Ukishakuwa salama, utoe mara moja, kwa kucha au kwa vidole, vyovyote vile. Usipoteze muda kutafuta wembe au sarafu. Nyigu haachi mwiba, na anaweza kuuma tena na tena.

Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba. Usipake mafuta ya taa wala maji ya betri.

Midomo au ulimi ukivimba, vipele vikitapakaa mwilini, pumzi ikibana au mtu akiishiwa nguvu, mkimbize hospitali dakika hiyohiyo, hata kama ameumwa na nyuki mmoja. Aliyeumwa mara nyingi naye apelekwe hata akisema yuko sawa. Sumu nyingi inaweza kuharibu figo, na dalili zinaweza kuchelewa.

Kuomba huduma

Mwone afisa nyuki wa halmashauri yako au umwombe mwenyekiti wa mtaa akuunganishe. Kukiwa na hatari ya maisha, piga Zimamoto, 114. Mpangaji amshirikishe mwenye nyumba. Shule ipitie kwa mwalimu mkuu. Mengine utaelezwa ofisini kwa afisa nyuki.

Wapo wanaosema tukija kuwahamisha nyuki tunafuata asali tu. Hatuikubali kauli hiyo. Wataalamu wetu huja jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi, wakiwa na mavazi kamili, na huwahamishia mzingani wakiwa hai. Kazi hiyo wanaifanya vizuri na tunajivunia.

Kazi inayobaki ni yako, nayo ndiyo hupuuzwa. Hakikisha masega yote yametolewa, sugua mahali yalipokuwa, kisha ziba kila tundu la darini kwa saruji au wavu siku inayofuata. Harufu ya nta ikibaki na tundu likabaki wazi, bumba jingine litaingia hapohapo.