Njumu za mtoto zitoshe mguu alionao leo

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 12 amechaguliwa timu ya mpira ya shule. Baba yake anataka tumnunulie njumu zinazozidi namba mbili ili akue nazo. Muuza mitumba naye ametuonyesha pea nzuri ya bei nafuu, ila ina jino moja mbele kabisa, chini ya vidole. Anasema ni za besiboli. Tuchukue zipi?
*Mama wa mwanafunzi, Mbegani*

JIBU: Nia ya baba ni njema, maana fedha haziokotwi, lakini kwa njumu ushauri huo utamuumiza mtoto. Kazi ya kwanza ya kiatu cha michezo ni kuushika mguu, hasa kisigino, mchezaji anapogeuka au kusimama ghafla. Katika vipimo vya Ulaya, namba moja huzidi nyingine kwa karibu milimita 7, hivyo namba mbili ni milimita 13 hivi. Jumlisha na nafasi ya kawaida ya vidole, utaona mguu unateleza ndani ilhali meno ya kiatu yameshika ardhi. Matokeo yake ni malengelenge, kucha kuvilia damu na kifundo kuteguka. Tena mfupa wa kisigino cha mtoto wa umri huu bado una sehemu laini ya ukuaji, inayovutwa na kano kubwa ya nyuma ya mguu kila anapokimbia. Kati ya miaka 8 na 14 sehemu hiyo huuma kwa urahisi. Kiatu si chanzo pekee cha maumivu hayo, lakini kinachopwaya huyazidisha.

Baba atauliza, na ana haki kuuliza: tutanunua viatu vipya kila mara? Hapana. Kiatu kinachotosha huacha karibu sentimita 1 mbele ya kidole kirefu, na nafasi hiyo humpa mtoto miezi kadhaa ya kukua. Wapo wanaotia matambara mbele ya kiatu kikubwa, lakini matambara hayazuii kisigino kupanda na kushuka. Soksi mbili nazo hukunjana na kutunza jasho. Wengine huchukua kinachobana wakisema kitaachia. Ngozi huachia kidogo kwa upana, si kwa urefu. Akiba ya kweli ni kununua pea ya bei ndogo inayomtosha sasa, na wazazi wa timu kurithishana njumu watoto wanapokua. Mtumba unafaa kabisa, mradi soli haijalika upande mmoja na sehemu ya kisigino bado ni ngumu.

Kabla ya kwenda kununua, mtoto asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, mpime miguu yote miwili na mfuate ule mrefu. Pimeni jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Namba za Uingereza, Marekani na Ulaya hazilingani, kwa hiyo kama kibandiko cha kiatu kina kipimo cha sentimita, tegemeeni hicho. Nendeni na mtoto mwenyewe, avae soksi atakazochezea, afunge kamba, akimbie na kugeuka. Kisigino kisipande, vidole visigonge mbele.

Kuhusu pea ya besiboli, iacheni. Jino lile la mbele humsaidia mchezaji wa besiboli kujisukuma kwa mbio fupi, na siku mwanao akijiunga na mchezo huo, ambao hapa nchini unachezwa katika shule kama Azania ya Dar es Salaam, litamfaa. Kwenye mpira wa miguu hukwama ardhini anapopiga, na laweza kumchana mwenzake. Sheria ya 4 ya soka inakataza vifaa vya hatari. Muuzaji atasema jino linakatika kwa kisu. Bado yatabaki mengine, ambayo kwenye viatu vya wakubwa huweza kuwa ya chuma. Viwanja vingi vya pwani ni mchanga au udongo mgumu, navyo vinahitaji meno mengi, mafupi, ya mpira. Mwaka 1971 Torg na Quedenfeld walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Philadelphia wanaocheza futiboli ya Kimarekani: walipohamia viatu vya meno mengi na mafupi, majeraha ya goti yalipungua kwa idadi na kwa ukali. Mchezo wao si wetu, lakini goti ni lilelile: jino refu likiung'ang'aniza mguu chini huku mwili unageuka, goti ndilo linalosokotwa.

Mtoto akichechemea, au kisigino kikiendelea kuuma hata baada ya siku kadhaa za kupumzika, mpelekeni kituo cha afya. Kwa sasa mwambieni baba hivi: fedha ya njumu inayopwaya haijaokolewa, maana itatumika kutibu mguu.