Kukimbia Huutia Moyo Nguvu

Wako watu hapa Kipkelion wadhanio ya kuwa mbio ni kazi ya vijana watafutao nishani. Kweli, Kericho ndiko alikozaliwa Wilson Kiprugut Chuma, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Lakini faida ya mbio si ya mashujaa peke yao.

Moyo ni msuli. Ukizoezwa, kila pigo husukuma damu nyingi zaidi, na mtu apumzikapo hupiga polepole. Shinikizo la damu hupungua, na misuli ya miguu huitumia sukari iliyomo damuni. Jambo hili lamhusu sana karani na mwenye duka, waketio tangu asubuhi, na hata mkulima ambaye siku hizi huenda sokoni kwa pikipiki. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hujiona mzima, kumbe mgonjwa.

Anayeanza asianze kwa kupanda kilima, na vilima vyetu twavijua! Atafute njia tambarare, atembee dakika mbili, akimbie moja, akirudia hivyo kwa dakika 20, mara tatu kwa juma. Mwendo ufaao ni ule umruhusuo kuzungumza na mwenzake. Majuma yakipita, azidishe mbio na kupunguza kutembea. Mwenye ugonjwa wa moyo au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.