Programu ya mazoezi kwenye simu: Ipime kabla haijakupima



Ndugu msomaji, shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Aliyetupa miili hii iwe amana. Wiki hii tuzungumzie jambo lililoingia majumbani mwetu kupitia simu, nalo ni programu za mazoezi ya viungo. Akina mama wengi wa hapa Babati hawapendi kukimbia barabarani mbele za watu. Kwa hiyo mtu hufunga mlango, huegesha simu dirishani na kufuata anachoonyeshwa. Ni jambo jema, kwani afya inatafutwa na stara inabaki.

Lakini mama mmoja wa makamo alinijia goti likiwa limevimba, na kichwa kinamgonga. Nilipompima presha nikakuta 170 kwa 100. Kumbe kwa siku tisa alikuwa akirukaruka kwa amri ya simu. Nikamuuliza, "Mama, haikukuuliza kama una maradhi?" Akanijibu, "Iliuliza, daktari, lakini kwa Kiingereza. Kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, nikakibonyeza, ikaendelea."

Kile kitufe hakikujiweka pale. Rangi yake, ukubwa wake, na swali kuwekwa mahali pa kurukwa kirahisi, yote yalipangwa na mtu. Programu nyingi hupata fedha kwa matangazo au kwa malipo ya kila mwezi, hivyo mtengenezaji anataka uanze haraka na urudi kila siku. Wewe unataka afya. Mara nyingine malengo haya mawili huenda pamoja, na mara nyingine huachana njiani.

Chukua mfano wa mazoezi ya dakika saba. Mwaka 2013 wataalamu Brett Klika na Chris Jordan walichapisha nchini Marekani mpango wa mazoezi 12, kila moja sekunde 30, na mapumziko ya sekunde 10. Vifaa vyake ni kiti na ukuta tu. Ufupi wake usikudanganye, kwani ni mazoezi makali. Wenyewe waliwatahadharisha wazee, wenye uzito mkubwa na waliowahi kuumia. Wenye presha na maradhi ya moyo waliwashauri waepuke mazoezi ya kukaza mwili bila kusogea, kama kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa mithili ya aliyekaa kitini. Msuli ukikazwa hivyo hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Programu ikichukua saa ya kuhesabu sekunde na kuiacha tahadhari, imekuletea nusu ya mpango.

Kabla ya kuiruhusu programu nyumbani kwako, ipime kwa mambo haya:

1. Je, inauliza afya yako kwa lugha unayoielewa, na jibu lako linabadilisha mazoezi? Mwambie kijana wako akusomee kila swali. Kama ukisema una presha na bado inakurusha kama kijana wa miaka 20, iache.

2. Je, kitufe cha kusimama kinaonekana? Mtu mwenye jasho na pumzi juu hawezi kutafuta kitufe kidogo pembeni. Iwepo pia njia ya kupunguza kasi na kubadili zoezi linaloumiza.

3. Inahesabu vipi siku? Baadhi hujumlisha siku mfululizo, na ukikosa moja unarudi sifuri. Hesabu hiyo haijui homa, hedhi wala Ramadhani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha thamani ya amali ndogo inayodumu, na pia kwamba mwili una haki yake juu yetu. Kupumzika ukiwa mgonjwa si kushindwa.

4. Je, muziki unaweza kuzimwa na maelekezo yakabaki? Na picha zake, je, zinafaa mbele ya watoto? Mpangilio mzuri unakupa uchaguzi.

5. Inaomba ruhusa gani? Zoezi la kuchuchumaa na kusimama halihitaji majina yaliyomo kwenye simu yako. Kamera nayo usiifungulie bila sababu, kwani chumbani umevaa nguo za chumbani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia. Kipimo cha wastani unacho mdomoni: uweze kuzungumza lakini ushindwe kuimba kaswida. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Simama mara moja ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio usivyo kawaida, na uwahi hospitali. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aweke kitu kitamu karibu, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Na kila aliyepita miaka 40 apime presha kabla ya kuanza.

Yule mama hakuacha mazoezi. Alipewa dawa, goti likapona, na sasa anatembea na binti yake alfajiri baada ya Swala. Simu anaitumia kuhesabu dakika tu.

Allah (s.w.) atujaalie afya njema. Wabillahi tawfiq.