Kamera ya Usiku: Tumjue Bweha wa Jirani Kabla ya Kumhukumu



Katika vijiji vinavyopakana na mbuga za kaskazini mwa Tanzania, kuku akipotea usiku, wa kwanza kushutumiwa ni bweha. Mara nyingine hukumu hiyo hufuatwa na nyama iliyotiwa sumu. Sumu haichagui: huua mbwa wa jirani, tumbusi na wanyama wasio na kosa, na yaweza kumfikia mtoto. Kamera ya usiku humwezesha mwenye mji kumwona mgeni wake kwa sura. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuinunua na kuitumia bila kupoteza fedha wala kumdhuru yeyote.

Bweha yupi?

Bweha masikio ana uzito wa kilo 3 hadi 5 hivi, na chakula chake kikuu ni mchwa na wadudu wengine. Masikio yake makubwa humsaidia kuwasikia wadudu walio chini ya udongo. Dume hulinda watoto pangoni wakati jike anatafuta chakula. Bweha wa mgongo mweusi ni tofauti: huyo aweza kuchukua kuku, hata mwanambuzi. Wote wawili huitwa bweha, lakini kosa la mmoja lisilipwe na mwingine. Huenda pia kamera ikaonyesha kwamba mwizi ni kanu, paka mwitu au mbwa asiye na mwenyewe.

Kabla ya kulipa

1. Usivutwe na idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi. Baadhi ya kamera hupiga picha ndogo, kisha programu yake huikuza kwa kuongeza nukta zisizo na habari mpya. Omba kuonyeshwa picha halisi iliyopigwa gizani.

2. Uliza aina ya taa. Taa ya infraredi ya nanomita 850 humulika mbali zaidi, lakini huonyesha wekundu hafifu. Ya nanomita 940 haionekani kwa macho, ila umbali wake ni mfupi zaidi.

3. Ongeza gharama ya betri na kadi ya kumbukumbu katika bei. Kadi bandia huonyesha nafasi isiyokuwapo, na picha hupotea. Ijaribu kadi mapema, ungali na nafasi ya kuirudisha.

4. Dai risiti, na masharti ya dhamana yawe kwa maandishi. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha dai lako.

Kuiweka

Kitambuzi cha kamera hushtuliwa na joto la mwili linalosogea. Hakioni joto hilo kupitia kioo. Kwa hiyo kamera iliyowekwa ndani ya dirisha haitanasa kitu. Ifunge kwenye mti au nguzo, kimo cha goti, ikitazama njia kwa ubavu, kwa kuwa mnyama anayekatiza mbele yake hutambuliwa kwa urahisi kuliko anayeijia moja kwa moja. Isielekee mashariki wala magharibi, jua lisije likaipiga. Fyeka majani yaliyo mbele yake, maana yakitikiswa na upepo hujaza kadi kwa picha tupu. Hakikisha pia kwamba tarehe na saa ni sahihi.

Usalama na heshima

Usimwekee bweha chakula ili apigwe picha. Mnyama aliyezoea kulishwa husogelea nyumba na watoto. Usiweke kamera mlangoni mwa pango lenye watoto, wala usiielekeze kwenye uwanja, choo au dirisha la jirani. Mweleze jirani kabla ya kuifunga. Picha ya mtu iliyonaswa bila kukusudia isisambazwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za namna hiyo.

Bweha anayetembea kama mlevi, au asiyeogopa watu, aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse, hata akiwa amekufa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje dalili, kwani zikishaanza ugonjwa huu huua. Mbwa wa nyumbani nao wachanjwe.

Zoezi

Rekodi kwa usiku saba mfululizo. Andika saa, aina ya mnyama na alichofanya. Kisha jiulize: je, aligusa banda, au alipita tu akitafuta mchwa? Ikiwa aligusa, ziba matundu, imarisha wavu hadi chini ya ardhi, na funga kuku kabla ya giza. Hasara ikiendelea, peleka picha zako kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Picha yenye tarehe na saa itamsaidia kukushauri, na itawaepusha wasio na kosa na sumu.