Wifi Yangu wa Mbarara Ananicheka

Leo kuna swali kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: "Dada, wifi yangu anakaa Kakoba, Mbarara. Kila akija huku kwetu Base Camp ananisema: eti nanunua sukari ya kupima, nakopa dukani, na pesa kidogo niliyo nayo napeleka kwenye kikundi. Yeye ana akaunti benki na mkopo wa mshahara. Kweli mimi sijui kutunza pesa?"

Unajua, mdogo wangu. Ila pesa zenu haziji kwa njia moja.

Mshahara wa wifi unapita benki, na benki inakata chake kabla yeye hajaugusa. Ndiyo maana inamwamini. Wewe unapata leo kibarua, kesho mgawo wa msaada, na mavuno mara mbili kwa mwaka. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi, na kipande cha kulima umepewa, lakini hati yake si yako, kwa hiyo huwezi kukiweka dhamana. Waliobaki wa kukuamini ni majirani. Ndiyo maana kila jamii ina vikundi vyake vya kuchangiana: Wakongomani wana likelemba, Wasomali wana ayuto, Wanyarwanda wana ikimina. Na wifi asicheke: Wanyankole wenyewe, wenyeji wa huko Mbarara, wana vikundi vya engozi, vilivyoanza kwa kubeba wagonjwa kwa machela, na leo vingi vinaweka akiba na kukopeshana.

Sasa kwenye sukari hapo, wifi ana hoja. Vijiko vya kupima ukivijumlisha, kilo inakuwa ghali. Lakini usijibane ununue mfuko mzima peke yako. Tafuta majirani wawili, mchange, mnunue kwa jumla sukari, chumvi na sabuni, kisha mgawane.

Maharage je? Usiuze yote wiki ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei imelala. Yakaushe vizuri, weka gunia moja la Februari, shule zikifunguliwa.

Kuhusu kukopa, nisikilize vizuri. Usikope kwa kutegemea mgawo. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulianza kuzipanga familia kwa kiwango cha uhitaji, na 2025 wengi wakaondolewa kabisa. Lakini deni halipunguzwi. Wala usimwachie mwenye duka kadi yako ya familia. Siku ukiihitaji, yeye ndiye atakayepanga masharti.

Kabla ya kukopa, piga hesabu ya pesa yote utakayorudisha. Ukichukua shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukarudisha baada ya miezi mitatu, umelipa 30,000 juu. Kikundi nacho kinatoza riba, lakini mwisho wa mzunguko faida inagawanywa kwenu wenye hisa. Riba ya mkopeshaji wa mtaani haikurudii. Ila hakikisheni sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, wasio wa nyumba moja.

Na wewe wifi wa Kakoba, najua unasoma. Mkopo wa mshahara ni mzuri ukinunua kitu kinachozaa. Ukinunua makochi, utakatwa miaka miwili huku kodi ya nyumba, umeme wa Yaka na ada ya watoto vinakungoja vilevile. Jiulize: kazi ikiisha mwezi ujao, nani atalipa? Kama huna jibu, anza kuweka kodi ya miezi mitatu pembeni, mahali ambapo simu yako haifiki kwa kubonyeza mara moja.

Mdogo wangu, wifi akija tena usigombane naye. Mpe chai, kisha muulize katoni ya sabuni inauzwaje soko la Mbarara, na akija safari nyingine awaletee. Nauli ya mzigo mtachangia nyie watatu.