Jua Haki Zako: Simu Mpya, Kasoro ya Kiwandani

Umenunua simu ya shilingi laki moja na nusu katika duka moja jijini Nairobi. Siku ya tisa, mstari mwembamba wa kijani unatokea kwenye kioo, juu hadi chini. Hukuiangusha, wala haikuingia maji. Unairudisha, na muuzaji anakuonyesha maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Usiondoke. Maandishi hayo hayafuti haki yako.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara iliyoletwa na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameidhamini bidhaa yake, hata kama hakutamka neno. Sharti lolote linalojaribu kumvua wajibu huo ni batili. Na asikwambie umtafute mtengenezaji. Pesa zako alizipokea yeye. Waranti ya kampuni ni nyongeza tu.

Wengi hunyamaza kwa kuamini kwamba kitu ghali hakitoki kiwandani kikiwa kibovu, basi kosa ni lao. Sivyo. Mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka moto. Hata baadhi ya zile walizobadilishiwa wateja ziliwaka, na Oktoba mwaka huo kampuni ikaacha kabisa kuzitengeneza. Januari 2017 yenyewe ilieleza kuwa kasoro ilikuwa ndani ya betri. Watumiaji hawakuwa na kosa.

Ufanye nini?

Kwanza, piga picha na video ya kasoro siku ileile uliyoiona.

Pili, usiipeleke kwa fundi wa mtaani. Akishaifungua, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu.

Tatu, rudi dukani upesi. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi anayekaa na bidhaa kupita muda unaofaa bila kumjulisha muuzaji kuwa ameikataa huhesabiwa ameikubali. Hapo hawezi tena kuirudisha na kudai pesa zake zote. Hubakiwa na dai la fidia.

Nne, lalamika kwa maandishi na useme unachotaka: kurudishiwa pesa, kubadilishiwa, au kutengenezewa. Ukiiacha simu, waandike tarehe, nambari ya utambulisho wa simu (IMEI) na hali yake, kisha watie sahihi. Wakidai imeingia maji, waombe wakuonyeshe palipolowa na wakuandikie hivyo. Madai ya mdomo ni rahisi kukanwa kesho.

Wakikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hulinda watumiaji. Au fungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa.

Ndugu msomaji, haki hizi zote zinahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni risiti. Maandishi ya risiti nyingi za mashine huweza kufifia baada ya miezi michache. Ipige picha leo.